Kipimo cha jeni za moyo kwa mate: kinachokiona na kisichokiona

Kisanduku chenyewe ni kidogo, hakizidi boksi la kalamu. Ndani mna kichupa cha plastiki chenye faneli, kizibo cha akiba, mfuko wa kufungia sampuli na karatasi yenye namba ya usajili. Kwa visanduku vinavyotoa ripoti ya afya, siyo ya asili ya ukoo peke yake, bei huwa kati ya dola 100 na 200 kabla ya punguzo la sikukuu. Soko lake ni Marekani na Ulaya, kwa hiyo Dar, Mombasa na Nairobi huingia zaidi kwenye begi la ndugu anayekuja likizo.

Hapa tunakipitia kama aina ya bidhaa, hatuzungumzii kampuni moja. Hukumu tuiweke mapema kwa asiye na muda. Kama hujawahi kupima presha, sukari na mafuta kwenye damu, usikinunue. Fedha hiyohiyo ina kazi kubwa zaidi kwingine. Kama vipimo hivyo unavyo tayari, kuna hali mbili ambazo kupima jeni kunaongeza jambo la maana, na katika zote mbili kisanduku hiki ni mlango tu, kipimo kamili kiko hospitali. Nyota 2 kati ya 5. Nyota ya tatu ingepatikana kama ripoti ingejua unakula nini.

Kutema mate

Maelekezo yanasema nusu saa kabla usile, usinywe hata maji, usivute sigara, usitafune bazoka, usipige mswaki. Watu hulichukulia hili kama adabu tu, kumbe lina sababu. DNA inayosomwa haitoki kwenye maji ya mate, inatoka kwenye seli zilizomo ndani yake: chembe nyeupe za damu na seli zilizobanduka kwenye mashavu. Ukitoka kusukutua, seli hizo umezimeza au umezitema. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kugusa mswaki. Sugua mashavu kwa nje taratibu, halafu tema mpaka mstari, karibu mililita 2. Povu halihesabiwi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya: kichupa kinaonekana kimejaa, povu likishuka inabaki nusu.

Kosa linaloharibu sampuli kabisa ni la mpangilio. Mfuniko wa faneli umebeba dawa ya kuhifadhi. Unatakiwa ufunge mfuniko kwanza mpaka usikie “tik”, dawa imwagike kwenye mate, ndipo ufungue faneli, uweke kizibo na kutikisa sekunde 5. Anayeondoa faneli kabla ya kufunga mfuniko anatuma mate matupu, na bakteria wa mdomoni wanayafanyia kazi njia nzima mpaka maabara. Namba ya usajili nayo iingizwe mtandaoni kabla ya kutuma. Mume na mke wakitema siku moja mezani, waandike majina kwenye vichupa kwanza. Vikibadilishana hakuna maabara itakayogundua, na ripoti itatoka safi kabisa ya mtu mwingine. Aliyewahi kupandikizwa uboho asitumie kipimo hiki, kwa sababu chembe za damu zilizo kwenye mate yake zina DNA ya aliyemchangia.

Maabara inasoma nini hasa

DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Chipu ya kipimo cha bei hii inasoma vituo laki kadhaa tu, vilivyochaguliwa mapema. Ni kama kukagua barabara ya Dar hadi Mwanza kwa kusimama kwenye mizani peke yake: utajua magari yaliyopita pale, shimo lililo katikati hutaliona.

Hilo lina athari kubwa kwenye ugonjwa wa kurithi unaojulikana vizuri kuliko yote ya moyo, ule wa lehemu (kolesteroli) kupanda kwa ukoo. Mtu mmoja kati ya takriban 250 anao. Jeni inayohusika mara nyingi ni LDLR, inayotengeneza kipokezi cha ini cha kuondoa LDL, ile lehemu mbaya, kwenye damu. Kipokezi kikipungua, LDL inabaki inazunguka tangu utotoni. Watafiti wa Marekani Brown na Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Kasoro zinazojulikana kwenye LDLR peke yake zinazidi 2,000. Ripoti ya 23andMe, kampuni ya Marekani inayouza visanduku hivi, kuhusu ugonjwa huu inaangalia 24. Ukiletewa jibu la “hakuna kilichopatikana”, maana yake hakuna kati ya hizo 24, na orodha yenyewe imejengwa zaidi na familia za asili ya Ulaya. Mtu mwenye LDL ya 4.9 mmol/L (sawa na 190 mg/dl) na baba aliyepata shambulio la moyo akiwa na miaka 48 asitulizwe na jibu hilo hata kidogo. Damu yake imeshasema.

Kuna mtego mwingine, wa data ghafi. Baadhi ya kampuni hukuruhusu kupakua faili lote la herufi zako, na zipo tovuti zitakazokusomea kwa dola chache. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 ulichukua kasoro za namna hiyo ukazirudia kwenye maabara ya kitabibu: 40% hazikuwepo. Chipu ni nzuri kwa tofauti za kawaida zinazobebwa na watu wengi, ni dhaifu kwa zile adimu, na adimu ndizo zinazotisha. Usianze dawa wala usimwambie mtoto chochote kwa msingi wa faili ghafi.

Ile asilimia kubwa kwenye ukurasa wa kwanza

Sehemu inayouza kipimo hiki siku hizi ni alama ya jeni nyingi: tofauti ndogondogo zinajumlishwa, kisha unaambiwa uko wapi kwenye foleni ya hatari. Sayansi yake ni ya kweli. Mwaka 2007 lilipatikana eneo la kromosomu ya 9 liitwalo 9p21, linaloongeza hatari ya mishipa ya moyo bila kupitia presha wala lehemu. Kufikia 2018 watafiti walikuwa wanajumlisha tofauti milioni 6.6 kwa mpigo, na waliwatambua 8% ya watu wenye hatari mara tatu au zaidi ya wengine. Wengi wao hawakuwa na jeni moja mbovu ya kunyooshea kidole.

Tatizo ni nani aliyetumika kutengenezea mizani. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilionyesha karibu 79% ya washiriki wa tafiti za jeni walikuwa na asili ya Ulaya, na usahihi wa alama hizi ukishuka takriban mara 4.5 kwa watu wa asili ya Afrika. Sababu si uzembe wa hesabu. Vituo vingi vinavyosomwa kwenye chipu havina kosa lenyewe. Ni majirani wa kosa, wanaorithiwa nalo pamoja. Kwa Waafrika, ambao vinasaba vyao ni vya zamani zaidi na vimechanganyika vizazi vingi zaidi, jirani na kosa wameshatengana. Chipu inamkuta jirani na kumhukumu, mhalifu hayupo. Hata 9p21, nguzo ya alama hizi, haijatoa matokeo yaleyale kwa watu wa asili ya Afrika.

Kazi ya kurekebisha imeanza. Mradi wa H3Africa, wa kuchunguza vinasaba vya Waafrika, ulitangazwa 2010, na mwaka 2019 zilichapishwa data za vinasaba vya watu wapatao 6,400 kutoka kusini-magharibi mwa Uganda. Lakini mpaka ripoti yako ieleze wazi kwamba alama imepimwa kwa watu wa Afrika Mashariki, ile “hatari yako inazidi ya asilimia 87 ya watu” ni suti iliyoshonwa kwa vipimo vya jirani. Inaweza kukukaa, kwa bahati.

Jeni inapokutana na sahani

Hapa ndipo ripoti inapopwaya kuliko kwingine kote, na hapa ndipo elimu yenyewe ilipo.

Utafiti wa 2016 uliounganisha makundi manne, jumla ya watu 55,685, uliwapanga kwa alama ya jeni 50 na kwa tabia nne: kutovuta sigara, kutokuwa na unene uliokithiri, kufanya mazoezi angalau mara moja kwa wiki, na mlo mzuri. Wenye jeni mbaya kabisa walikuwa na hatari 91% zaidi ya wenye jeni nzuri. Ndani ya kundi hilohilo la jeni mbaya, waliokuwa na angalau tabia tatu kati ya nne walikuwa na matukio ya moyo pungufu kwa 46% kuliko wenye tabia moja au bila kabisa. Katika mojawapo ya makundi yale manne, kwa wenye jeni mbaya, ndani ya miaka 10, walioishi vibaya waliougua walikuwa 10.7%, walioishi vizuri 5.1%. Angalia tena tabia zenyewe: mazoezi mara moja kwa wiki. Hakuna aliyeombwa kukimbia marathoni ya Kilimanjaro. Unyoofu unatudai kusema kwamba huo ni utafiti wa kuangalia, siyo wa kuwapangia watu namna ya kuishi; lakini mwelekeo wake unaonekana pia kwingine, na kwa njia ambazo ni vigumu kuzipinga.

Chukua familia kubwa ya Uholanzi yenye jeni ya lehemu ya kurithi, ambayo vifo vyake vilifuatiliwa kwa karne mbili. Katika karne ya 19 waliobeba jeni hawakufa mapema kuliko watu wengine. Vifo vilianza kupanda baada ya 1915, vikafikia kilele kati ya 1935 na 1964, vikashuka. Jeni ilikuwa ileile babu kwa mjukuu. Kilichobadilika ni maisha yaliyoizunguka. Au chukua Wachina wenye kasoro ya LDLR, waliolinganishwa katika utafiti wa 1998: waliokuwa Kanada walikuwa na LDL ya juu kuliko wenzao wenye kasoro za namna hiyohiyo waliobaki China.

Na karibu na nyumbani kuna utafiti wa Waluo uliochapishwa 1990. Watafiti waliwafuata watu kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya walipohamia Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki. Ndani ya miezi michache ya mwanzo presha ya waliohama ilikuwa imepanda. Mkojo wao ulionyesha sababu: sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) nyingi, potasiamu kidogo. Uzito na mapigo ya moyo navyo vilikuwa juu. Hakuna jeni inayobadilika kwenye basi la usiku kutoka Kisumu. Kipimo cha mate kingetoa jibu moja kabla ya safari na baada yake. Mashine ya presha ingetoa mawili.

Ipo pia hadithi ya Wamasai, ambayo hutajwa vijiweni kama ushahidi kwamba “ni damu yao tu”: maziwa na nyama kila siku, na moyo mzima. Mwaka 1972 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa miili ya wanaume 50 wa Kimasai. Kuta za mishipa yao ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa ugonjwa kama za wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kuliko unene huo, na damu ilikuwa inapita. Watafiti walikisia kwamba kutembea kwingi ndiko kulikoipanua. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, waliovishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, muda wa kujishughulisha kwa kiwango cha kati na zaidi ulizidi saa 2 kwa siku. Anayeiga nyama ya Mmasai akiwa kwenye kiti cha ofisi ameiga nusu mbaya.

Upande wa pili haki itendeke: zipo jeni zinazoshinda tabia. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa Dallas walionyesha kwamba kama 2% hadi 3% ya Wamarekani Weusi wanabeba kasoro inayozima jeni ya PCSK9. LDL yao ilikuwa chini kwa 28%, na magonjwa ya mishipa ya moyo chini kwa 88%, japo wengi kati yao walikuwa na presha, kisukari au walivuta sigara. Punguzo la 28% halionekani kubwa, lakini lilianza siku ya kuzaliwa. Mishipa inahesabu miaka. Kutokana na ugunduzi huo zikatengenezwa sindano za kuzuia PCSK9, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Nenda ukaangalie ripoti nyingi za mate: kasoro hii, yenye manufaa na inayopatikana zaidi kwa watu wa asili ya Afrika, aghalabu haitajwi.

Ushauri wa mlo unaokuja na ripoti

Ni wa jumla mno, na umeandikwa kwa jiko la mtu mwingine: mafuta ya zeituni, samaki wa bahari za baridi, karanga za aina ambayo hapa ni zawadi ya harusi. Sodiamu yetu haiko kwenye makopo ya supu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chumvi chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyote vinavyoliwa. Kipande kimoja cha kiungo cha mchuzi, kile cha gramu 4, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Vikiingia viwili kwenye sufuria ya watu wanne, kila mmoja ameshapata gramu moja kabla kijiko cha chumvi hakijaguswa. Halafu kinakuja kidole cha chumvi juu ya chipsi, na ng'onda.

Magadi yanastahili ukurasa wake. Nayo ni sodiamu, ila haina ladha ya chumvi, kwa hiyo anayesema “mimi sili chumvi” anaweza kuwa anaila kwenye makande, maharage na mlenda. Sodiamu ya namna hii haipandishi presha sawasawa na ya chumvi ya mezani, hilo tuliseme wazi. Lakini kwa mwenye moyo uliochoka au figo zenye shida, ni mzigo wa maji mwilini. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kunafanya kazi ileile ya kulainisha.

Mafuta: ya nazi zaidi ya 80% yake ni mafuta mgando, mawese karibu nusu, alizeti kidogo sana. Tui la kwanza, zito, ndilo lenye mafuta mengi. Wali wa nazi mara moja kwa wiki si kesi, kila siku ni kesi kwa mwenye LDL ya kurithi. Na kwa habari ya mboga kuna jambo la kutia moyo: uchambuzi wa 2011 uliotumia data za INTERHEART, utafiti wa shambulio la moyo uliofanyika nchi 52, ulionyesha kwamba hatari ya 9p21 ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokula mboga mbichi na matunda kidogo, na dhaifu kwa waliokula kwa wingi. Kachumbari, kwa maneno mengine. Isiyozidishwa chumvi.

Kurasa mbili za ripoti unaweza kuzipita bila hasara. Ya kahawa: inategemea jeni ya CYP1A2, na ushahidi kwamba inaamua nani apate shambulio la moyo ni mchanganyiko. Ya jeni ya MTHFR: humalizikia kukuuzia vidonge vya foliki, wakati majaribio makubwa ya kushusha homosisteini (kemikali ya damu iliyohusishwa na moyo) kwa vitamini hizo hayakupunguza mashambulio ya moyo. Kampuni inayokupima na kukuuzia dawa kwenye ukurasa huohuo inastahili jicho kali.

Hali mbili zinazostahili fedha

Ya kwanza ni familia yenye LDL ya kupindukia. Hapo kipimo kinachofaa ni cha hospitali, kinachosoma jeni za LDLR, APOB na PCSK9 kwa ukamilifu, kwa mtu aliyeugua kwanza. Kasoro ikishajulikana, ndugu wengine hutafutiwa hiyo moja tu, na kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi 50% ya kuirithi. Kipimo cha jeni kikikosekana, LDL ya kila ndugu wa damu inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ya pili ni dawa. Klopidogreli, wanayopewa waliowekewa bomba la kufungua mshipa wa moyo, haifanyi kazi mpaka ini liibadilishe kwa kimeng'enya cha CYP2C19. Waliorithi nakala mbili zisizofanya kazi hawanufaiki nayo ipasavyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo mwaka 2010, na daktari anaweza kuchagua dawa nyingine. Jeni ya SLCO1B1 nayo inaeleza baadhi ya maumivu makali ya misuli kwa wanaotumia simvastatini. Kama kisanduku kinatoa kurasa hizi, ndizo za kuchapisha na kumpelekea daktari. Usiache dawa mwenyewe kwa sababu ya karatasi.

Kabla hujatema: faragha

Nenosiri hubadilishwa, DNA haibadilishwi, na ukiitoa umetoa pia nusu ya mtoto wako. Mwaka 2023 taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zilivuja kutoka 23andMe. Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa kufilisika, na hazina ya DNA ya wateja ikawa mali inayotafutiwa mnunuzi. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye wa kuulizwa kabla sampuli haijatoka nchini. Kwa walio Marekani, sheria ya 2008 inazuia bima ya afya na mwajiri kutumia jeni zako. Bima ya maisha haimo. Tenga idhini ya utafiti na idhini ya kuhifadhi mate, ni visanduku viwili tofauti vya kuweka tiki, na vyote viwili vinaweza kuachwa wazi.

Fedha hiyohiyo, kwa mpangilio wetu

Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono. Pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko: mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32, mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, mashine inatoa presha kubwa isiyokuwepo. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa, bila maongezi. Pima mara mbili ukiacha dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, 135/85 kwenda juu ni ya kumpelekea daktari.

Kinachofuata ni mafuta kwenye damu. Kwa wengi hakuna haja ya kufunga, lakini trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) zikizidi 4.5 mmol/L rudia ukiwa hujala, kwa sababu maabara nyingi hupata LDL kwa hesabu na hesabu hiyo huharibika hapo. Usipime ukiwa mjamzito, LDL hupanda. Wala wiki chache baada ya malaria kali au upasuaji, hushuka na kukudanganya.

Halafu Lp(a), chembe ya mafuta kwenye damu inayofanana na LDL: ipime mara moja tu maishani, kama miongozo ya Ulaya ya 2019 inavyopendekeza. Hii ndiyo jeni inayosomeka kwenye damu: kiwango chake kimeamuliwa na urithi kwa sehemu kubwa, watu wa asili ya Afrika huwa nacho juu, na mchicha wala mazoezi hayakigusi. Kuanzia 50 mg/dl au 125 nmol/L ni juu, na vipimo hivyo viwili havigeuzwi kimoja kuwa kingine kwa kuzidisha. Mwenye Lp(a) ya juu anabanwa zaidi kwenye yale yanayobadilika: LDL, presha, sigara. Siyo kila maabara inayo; uliza kabla ya kwenda, hata kwenye taasisi kubwa za moyo.

Na kipimo cha jeni cha bure ni daftari la ukoo. Andika baba, mama, ndugu wa tumbo moja, umri wa kila tukio. Shambulio la moyo kwa mwanaume kabla ya 55 au mwanamke kabla ya 65 linahesabika. Ugumu ni lugha ya misiba yetu: “presha ilipanda”, “alilala hakuamka”, “alianguka ghafla”, “alirogwa”. Muulize shangazi mambo matatu: alikuwa na miaka mingapi, alilalamika kifua au upande mmoja wa mwili ulikufa, na kama alikuwa akivimba miguu kabla. Kifua kinaelekea kwenye mishipa ya moyo, upande mmoja kwenye kiharusi, miguu kwenye moyo kushindwa kazi au figo. Mpelekee daktari daftari hilo pamoja na presha za siku 6.